Stendi ya Miguu Mitatu na Kamera ya Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Daktari wa zahanati katuita, mimi na Bwana Harusi. Huyu Bwana Harusi ni mpiga picha mwenzangu wa mtaani. Kawapiga picha maharusi wa mji mzima, mwenyewe hajapata hata mchumba. Daktari anataka picha pana ya bonde lote, kutoka machimbo ya kokoto mpaka mto unapokata kona, ijaze ukuta mzima wa chumba wanamongojea wagonjwa. Ipigwe kutoka juu ya jabali. Atakayemletea nzuri zaidi Jumamosi, ya huyo ndiyo itatundikwa.

Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Ulimi huu utanizika! Maisha yangu yote nimepiga picha za vitambulisho: mtu kwenye kigoda, pazia nyuma, kidevu juu. Sijawahi kupiga picha ya kitu ambacho hakijaketi. Na juu napaogopa. Nikipanda kigoda kubadili taa, nakumbatia ukuta.

Kamera yangu ilishakufa. Iliyopo ni ya mkwe wangu, kabatini, naye yuko safarini kikazi mpaka Jumamosi. Naishi kwao, chumba cha uani. Binti yangu kanikataza hata kuipumulia. Binti simwogopi, huyo nimembeba mgongoni. Namwogopa mkwe, kwa sababu hafoki. Anayefoka unajua amefikia wapi. Huyu ananyamaza, anakuamkia, anakukaribisha chai. Kamera ile ikivunjika, chai hiyo nitaimezaje?

Nimeichukua.

Jumanne, 7 Mei

Duka la vifaa vya picha. Natafuta stendi. Picha pana haipigwi kwa mara moja: unapiga vipande, kamera ikizungushwa palepale, halafu vipande vinaunganishwa. Mkono ukitetemeka, milima haikutani. Wangu unatetemeka hata nikishika kijiko.

Mama muuzaji kanifunza kwa subira, Mungu ampe umri. Stendi nyepesi utaipandisha mlima bila kuhema, ila upepo ukija inacheza. Nzito haitikisiki, lakini mgongo utakushtaki. Miguu itanuliwe, mmoja uelekee bondeni. Nguzo ya kati nisiinyanyue. Nikiinyanyua, nimesimamisha mguu mmoja juu ya mitatu. Kichwa cha stendi, pale kamera inapokaa, kilale sawa kama maji kwenye bakuli, la sivyo bonde litapanda kama ngazi. Nikamwuliza, je, ikianguka? Akasema itaanguka na kamera.

Jasho chapachapa. Nikajaribu kuikunja, ikanibana kidole. Nikasema ngoja nikamwulize mke wangu kwanza. Marehemu hana haraka ya kujibu.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwendea rafiki yangu seremala. Nikamwomba stendi ya mbao, miguu mitatu. Akanuna. Kitanda minne, meza minne, hata mbuzi Mungu hakumfanyia ubahili. Yeye hawezi kutoa kazi ya miguu mitatu watu wakamcheka. Akatengeneza ya minne. Tena akaipiga vanishi.

Nikaijaribu uani, penye mawe. Mguu mmoja juu siku zote, kama mbwa kwenye nguzo. Badala ya kamera nikaweka sufuria ya maji. Kishindo! Nikaitazama ile sufuria ilivyobonyea, nikaona uso wa mkwe wangu akinikaribisha chai.

Nikachukua msumeno, nikakata mguu mmoja ili ibaki mitatu. Ikaanguka hata bila upepo.

Binti yangu kauliza najenga nini. Nikasema kitulio cha kuku. Akasema hatufugi kuku. Nikamwambia ndiyo maana naanza mapema.

Alhamisi, 9 Mei

Hila! Bwana Harusi anayo stendi nzuri, nzito, ya chuma. Asipokwenda jabalini, ukuta ni wangu. Nikamfuata kwake, nikamwambia kwa huruma kwamba kuna chui huko juu. Tena chui mwenye tabia mbaya: hamgusi anayetembea, anamvizia anayesimama mahali pamoja akizungukazunguka.

Akabadilika rangi. Akasema basi yeye haendi. Akaingia ndani, akatoka na stendi yake, akaniazima bila kuombwa.

Hapo nikaogopa. Adui akikupa kiti, pekua misumari. Nimepekua skrubu zote. Hakuna kasoro, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Halafu jambo jingine. Ule uongo niliusimulia vizuri mno. Jioni nikajikuta machimboni nikiwauliza wapasua kokoto kama kweli kuna chui. Wakasema hawajamwona, lakini chui si mtu wa kuaga. Sikulipenda jibu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefika jabalini asubuhi. Nilitambaa kwa tumbo hatua za mwisho. Upepo ulikuwa unaita majina ya wazee wangu waliokufa. Nikatanua miguu ya stendi, mmoja bondeni, nguzo ya kati sikuigusa, kichwa nikakilaza sawa. Kisha nikafanya langu, ambalo mama wa dukani hakulifundisha: nikafunga kamba, ncha moja kwenye stendi, ya pili kiunoni. Kamera ikitaka kuanguka, nitaizuia. Mimi nikitaka kuanguka... hapo sikufika kuwaza.

Nikaanza. Kila kipande nikakifanya kirudie theluthi ya mwenzake, ili vishikane. Nilipomaliza bonde sikujiamini, nikaanza upya. Kurudi nyuma kulitaka nitazame chini, kwa hiyo nikamalizia duara kwa upande wa kichakani. Nikaanza tena. Na tena. Kumbe kila duara, kamba inanikumbatia. Nilipotaka kukohoa sikupata nafasi. Mimi na stendi tulikuwa mzigo mmoja wa kuni.

Ndipo kichaka kikatikisika.

Nikakimbia. Yaani nia ilikimbia; miguu ilibaki. Stendi ikainuka mguu, kamera ya mkwe ikainama bondeni, na mimi nyuma yake. Nikafumba macho, nikaanza kutubu dhambi kubwa kubwa, ndogo nikaziacha kwa kukosa muda.

Mkono ukadaka stendi.

“Mzee, usipumue.”

Bwana Harusi! Amepiga magoti, mkono wa pili kakamata mfuniko wa sufuria kama ngao. Nikamwuliza kimemleta nini.

“Nilidhani chui amekwisha kula. Nimekuja kuchukua stendi yangu.”

“Na mimi?”

“Wewe si ungekuwa umeshaliwa, Mzee wangu.”

Akanizungusha kunifungua kama uzi kwenye kigurudumu. Tukapiga picha pamoja. Yeye akazungusha kamera, mimi nikakumbatia miguu ya stendi, macho nimefumba. Akaviunganisha vipande kwenye kompyuta yake.

Jumamosi, 11 Mei

Daktari kaipokea kwa furaha. Bonde limelala sawa, mto umekunja kona vizuri. Itatundikwa, majina yetu mawili chini yake.

Nikakimbilia nyumbani kurudisha kamera. Mkwe amekwishafika. Ameketi. Kabati wazi.

Akasema shikamoo Baba. Nikaitika marahaba kwa sauti ya mbu. Nikamkabidhi kamera kwa mikono miwili. Akaanza kutazama picha moja moja: milima, milima, kamba, kamba, sikio langu. Binti yangu akakaa mlangoni.

Mwishowe akaizima kamera, akasema taratibu:

“Baba, kamera itanunuliwa nyingine. Wewe tutakununua wapi? Siku nyingine uniombe.”

Bora angenitukana. Nikaapa mbele yao wote wawili, mkono kifuani: kamera ya mkwe wangu sitaigusa tena bila kuiomba. Na nilimaanisha. Akanikaribisha chai. Nikaimeza.

Jumapili, 12 Mei

Daktari kaniletea ujumbe. Wodi ya wazazi nayo ina ukuta mtupu. Anataka bonde lilelile kutoka kilima cha ng'ambo ya mto, huko juu zaidi. Bwana Harusi naye kapata ujumbe. Nimemwona akifunga mizigo.

Nimemwomba mkwe kamera. Kwa adabu, kama nilivyoapa. Kanipa kwa moyo mweupe, akasema nisubiri wiki ijayo atanipeleka mwenyewe. Wiki ijayo! Bwana Harusi atakuwa amemaliza kilima na kurudi.

Mkwe amelala, uchovu wa safari. Pikipiki yake iko uani, funguo mezani. Nimeapa kuomba kamera, na nimeomba. Pikipiki hakuitaja mtu.

Sijawahi kuendesha. Lakini cha miguu mitatu nimekimudu. Cha magurudumu mawili kitanishindaje?