Balozi na Mtihani wa Watu Wawili

Hakuna mtu aliyewahi kumshinda Balozi kwa kuongea, na hilo alilitangaza mwenyewe kila siku. Hata huo ubalozi alijipa mwenyewe. Kazi yake hasa ilikuwa kubeba mizigo ya wageni hotelini, kutoka mlangoni hadi kwenye lifti, huku akiwamwagia ung'eng'e, Kiingereza chake cha mbwembwe, mpaka wengine wakaamua kujibebea masanduku yao.

Sasa hoteli ikatafuta mtu wa mapokezi. Meneja alitoa sharti moja tu: cheti cha mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Kabla hata hajajiandikisha, Balozi alikimbilia kwa fundi akashonewa koti jeusi la kukalia mapokezi.

"Mke wangu," alisema akijigeuza mbele ya kioo, "mwangalie vizuri huyu mbeba mizigo. Humwoni tena."

"Ufaulu kwanza," mkewe akajibu, akiendelea kukunja nguo.

Kwenda kujiandikisha, akaambiwa watahiniwa huingia chumbani wawili wawili, na ukitaka unakuja na mwenzako. Hapo Balozi akapata wazo la kishetani: achague mwenzi dhaifu, ili yeye ang'ae. Akamfuata shemeji yake kinyozi, mdogo wa mkewe, mtu mpole ambaye Kiingereza chake alikiokota kwa wateja.

"Mimi? Si nitakuaibisha, shemeji?"

"Wewe kaa tu pale. Kuongea niachie mimi."

Siku ikafika. Chumbani walikuwamo watahini wawili: mama mmoja wa miwani, ambaye ndiye aliyeuliza maswali, na mzee mmoja kwenye kona, kimya, anaandika tu. Balozi akamhesabu huyo wa kona kuwa karani, akampa kisogo, tabasamu lote akampelekea mama.

Mama akapanga picha mezani: bustani, bwawa la kuogelea, maktaba, uwanja wa watoto. "Hoteli ina nafasi ya kujenga kimoja. Zungumzeni ninyi wawili, kisha mkubaliane."

Maskini, Balozi alikuwa amekariri hotuba ndefu kuhusu safari za ndege, na hakuwa tayari kuiacha ipotee bure. Akapaa. Akatua. Akapaa tena. Kinyozi akasubiri mwenzake avute pumzi, lakini Balozi siku hiyo alikuwa hahitaji hewa.

Mwisho mate yakampalia, akakohoa. Kinyozi akadaka nafasi, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Ndege ni nzuri. Lakini watoto wakikosa pa kuchezea watacheza kwenye ngazi. Mimi nachagua uwanja. Na wewe unaonaje?"

Ndivyo alivyozoea kuwauliza wateja akiwa na mkasi mkononi, kabla hajakata hata unywele mmoja.

"Usinikatize," Balozi akamnong'oneza kwa Kiswahili, akarudi angani. Alikuwa bado huko mama aliposema muda umekwisha.

"Umeona nilivyokufunika?" alimwuliza shemeji yake walipotoka. "Usinichukie tu."

"Sikuchukii. Ila yule wa kona alikuwa anakutazama sana."

"Karani yule. Hajawahi kusikia mtu fasaha."

Majibu yalipotoka, kinyozi alikuwa amefaulu. Balozi alikuwa ameanguka. Akarudi pale amefura, akadai kumwona mtoa alama, na aliyeletwa ni yule mzee wa kona.

"Kuongea unajua," mzee alimwambia. "Lakini tuliwaomba mzungumze wawili. Mwenzako alikusikiliza, akakujibu, akakuuliza. Wewe huku—"

"Mzee, ngoja nikueleze!"

"Hata mimi hukunipa nafasi ya kumaliza," mzee akasema, akaenda zake.

Balozi aliumia kweli, akakaa nyumbani siku kadhaa hataki kumwona mtu. Aliporudi kazini alikuta mgeni ameshuka na masanduku makubwa, na mapokezi pana sura mpya. Akasogea. Alikuwa kinyozi, ambaye sharti la meneja alikuwa amelisikia kwa Balozi mwenyewe, asubuhi na jioni. Na lile koti jeusi lilikuwa limemkaa vizuri sana.

"Dada kaniazima," kinyozi akasema taratibu. "Amesema lilikuwa linaning'inia bure."

Balozi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakikutoka kitu.

"Shemeji, mpeleke mgeni chumbani na mizigo yake," kinyozi akasema, na kwa mazoea yake akaongeza, "au wewe unaonaje?"