Muhuri wa Chui na Mate ya Ukoo

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huwa nayo. Siku wajukuu watakapouliza mwenyekiti wa ukoo alikifikiaje kiti, wasome hapa.

Hali ni hii. Baba Mdogo anang'atuka uenyekiti wa ukoo baada ya miaka ishirini na mitatu. Magoti, anasema. Mkutano ni tarehe 27 Julai. Kiti chenyewe ni kile cha mbao chenye mikono na mto mwekundu. Huwekwa mbele kwenye kila kikao, na anayekikalia hupakuliwa chakula wa kwanza. Nakitaka kiti hicho tangu nina miaka tisa.

Tunaotajwa ni wawili: mimi, mchonga mihuri, na binamu yangu Fundi Saa. Watu wanamtaka yeye. Eti hutembelea wagonjwa. Eti hajawahi kuchelewa msibani. Mtu anayeishi na saa arobaini ukutani atachelewaje? Hiyo si sifa, ni vifaa!

Mimi nina damu. Jina letu (silitaji, shajara huibiwa) lilitoka kwa shujaa aliyemnyonga chui kwa mikono mitupu. Marehemu baba alinisimulia. Au mimi ndiye niliyemsimulia yeye, sikumbuki vizuri. Muhuri nimeshauchonga: chui amesimama, chini yake MWENYEKITI. Chui ametoka kama paka aliyenyeshewa, lakini ukiugonga kwa nguvu anatisha kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Silaha imepatikana! Kipimo cha DNA. Kuna maabara inayopima kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, njia ileile linayopita jina la ukoo. Wenye jina moja wakilingana Y, babu yao ni mmoja. Wasipolingana, kuna aliyeingia ukoo kupitia dirishani.

Nimemtazama Fundi Saa kwa miaka mingi. Masikio yale si yetu. Nitampima, aumbuke mbele ya ukoo mzima, mimi nikae. Mke wangu kaniuliza, je, nikiumbuka mimi? Nilicheka mpaka nikapaliwa. Alinipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nimeagiza vifaa vya watu watatu. Mimi, Fundi Saa, na mtu mmoja wa damu safi kabisa wa kutulinganisha naye.

Jumatano, 11 Juni

Vifaa vimefika. Vijiti vya pamba tu! Unasugua ndani ya shavu dakika moja, unafunga, unatuma.

Mtu wa damu safi ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba Mdogo. Miaka themanini na moja, na hakuna anayelitamka jina letu kwa maringo kama yeye. Nilipomweleza kuwa heshima ya ukoo imo shavuni mwake, alipiga mswaki mara mbili akavaa gauni la harusi za watu. Alisugua dakika nne. Nimetuma chake na changu leoleo.

Jumanne, 17 Juni

Zamu ya Fundi Saa. Mpango ulikuwa kabambe. Nilivaa koti jeupe, nikashika tochi, nikaingia dukani kwake. Nikamwambia nafanya utafiti wa meno ya mafundi wanaoinama.

Akanitazama kupitia kile kioo anachobana jichoni. Akasema kwa upole kwamba kama nataka mate yake ningeomba tu, Shangazi ameshatangaza mtaa mzima. Akaachama! Akasugua mwenyewe. Akasaini fomu ya ridhaa. Akauliza kama nahitaji na shavu la pili. Kisha akanirudishia saa yangu niliyomwachia tangu Januari, inatembea, na kioo amekibadilisha.

Mnafiki mkubwa. Mtu asiye na la kuficha hawezi kuwa mwepesi hivyo.

Jumatatu, 30 Juni

Barua ya maabara. Mabaya mawili.

La kwanza, sampuli yangu haipimiki kwa sababu imejaa wino wa zambarau. Nina mazoea ya kulamba muhuri mpya nione kama herufi zimetoka sawa. Kila fundi ana siri zake.

La pili, sampuli ya Shangazi ni nzuri na safi, ila mwenyewe ni mwanamke, na wanawake hawana kromosomu Y. Nilikosea nilipomwambia. Alisimama bila fimbo! Kalibeba jina hili tangu kuzaliwa, leo vijana wenye makoti meupe waseme hanayo? Akaniamuru niende hukohuko nikamletee ya kwake. Nimeahidi kwenda.

Ikabidi nimwombe Baba Mdogo. Alikubali kwa sharti moja, nisimsimulie tena habari za chui. Mimi nimesukutua kwa sabuni mara tatu. Nikiongea natoa povu. Zote mbili zimetumwa; ya Fundi Saa wanayo tayari.

Ijumaa, 18 Julai

Bahasha imefika! Nene. Mke wangu kasema nifungue nisome kwanza. Mawazo madogo. Bahasha iliyochunguliwa haina hadhi. Nimeipiga muhuri wa chui mara saba juu ya gundi, na itafunguliwa mbele ya watu.

Halafu likanijia wazo, na sijui kwa nini mtu mwenye mawazo kama haya bado anachonga mihuri. Msomaji atakuwa Fundi Saa mwenyewe! Ajitangaze kwa kinywa chake. Nimefanya mazoezi ya uso wa huruma mbele ya kioo. Mke wangu anasema nafanana na mtu mwenye jino bovu.

Jumapili, 27 Julai

Naandika kwa shida.

Ukumbi ulijaa. Kiti kilikuwa mbele, kimefutwa vumbi. Nilisimama, nikaeleza sayansi, nikamkabidhi Fundi Saa bahasha. Akaifungua taratibu asiwaharibu chui wangu. Akasoma kimyakimya. Akaikunja. Akasema maandishi ni madogo, tule kwanza, haya mambo yanaweza kungoja.

Nilijua! Nikamwambia mwanamume husoma. Akanisogelea akaninong'oneza niachane nayo, tafadhali. Alikuwa na macho ya maji. Nikaona ushindi, nikampokonya karatasi, nikasoma mwenyewe kwa sauti ya kufika jikoni.

Fundi Saa na Baba Mdogo: wanalingana kikamilifu. Mstari mmoja wa baba, jina moja. Mimi: silingani na yeyote kati yao.

Nikarudia, nikidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka.

Shangazi akauliza, kwani hapa ni nani asiyejua? Mkono ukanyanyuka mmoja. Wangu.

Ikabidi wanieleze kama mtoto. Aliyeanzisha jina letu alikuwa mchimba visima. Babu yangu alifiwa na wazazi akiwa na miaka saba, mchimba visima akamchukua, akamlisha, akampa jina lake na sululu lake. Alilelewa pamoja na babake Shangazi kama ndugu, na tangu hapo sisi ni ndugu. Mke wangu akasema baba alinieleza haya yote mwaka tuliooana, nami nilikuwa nachonga. Chui je? Shangazi akasema chui alikuwepo. Alitumbukia kisimani, akavutwa kwa kamba akiwa ameshakufa.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Niliumia, nakiri hapa tu. Miaka hamsini na mbili najigamba kwa jina, kumbe aliyeingia dirishani ni mimi. Nilidhani sitaitwa tena ndani.

Fundi Saa alikuja. Mkono mmoja sahani yangu, mwingine anaburuta kiti. Kile cha mto mwekundu! Wameshamchagua, akasema, na yeye mgongo wake haupendi viti vya mikono, nikikalie nile. Akachuchumaa pembeni. Akaniambia mchimba visima hakupima mate ya mtu, na kwamba ukoo umeniteua katibu kwa kuwa nina mihuri. Nikalia ndani ya chakula. Kiti kinauma makalio, mto wote umekwisha. Sikumwambia.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeamka mtu mpya. Sina kinyongo. Jina ni kulelewa. Nimekata shauri kuwa katibu mnyenyekevu na kumtii Mwenyekiti.

Ila barua bila muhuri si barua, na muhuri ninao mimi. Nasema tu.

Alhamisi, 31 Julai

Habari kubwa! Maabara imeandika tena. Y yangu inalingana barabara na ya mtu mmoja aliyemo kwenye kumbukumbu zao, mwenye jina jingine kabisa. Damu yangu halisi! Maana yake nina ukoo wa pili, na ukoo huo huenda miaka yote umekosa uongozi. Asubuhi nilichonga muhuri mpya (simba, chui ana mkosi). Saa nne nikamwandikia yule ndugu, kwa anwani ya barua pepe waliyonipa, kwamba niko tayari kuwaongoza, na nikauliza kiti chao kikoje.

Amejibu kabla ya saa sita. Amefurahi sana. Anasema amekosana na ukoo wake wote kwa kuwa wamemnyima uenyekiti anaostahili kwa damu, na sasa anatafuta ukoo mwingine wa kuongoza. Anauliza kama wetu una nafasi. Ameambatisha picha ya bango alilokwisha kulichora, lenye tai na jina lake.

Nimeudhika mno! Mtu hatujuani hata nusu siku, tayari anatolea macho kiti cha wenzake. Nimemjibu kikatibu, kwa picha ya barua yenye muhuri, kwamba ukoo wetu una wenyewe. Tamaa ya namna hiyo sijui kairithi wapi.