Kiuno cha Mwalimu Mong'ina

Jumatatu, 5 Agosti

Hamud, fundi wa ng'ambo ya barabara, kanishinda tena. Sare za chekechea zimevuka barabara ya Isebania mchana kweupe, zimeingia dukani kwake, mimi nikitazama na tepu shingoni. Miaka ishirini na sita ya ushonaji hapa Migori! Yeye ana nini? Feni na tabasamu.

Lakini kuna kwaya. Kwaya yetu ya Wasabato inaimba kwenye makambi ya kanisa Homa Bay, magauni arobaini. Vipimo nilichukua kanisani mwezi uliopita, ila Mama Nyasuguta, mwenyekiti wa kwaya, anasema kazi atapewa fundi mwenye kasi. Kasi! Basi nimeweka Sikizi kwenye simu. Ni msaidizi wa sauti. Unamtajia vipimo, anaandika, anakokotoa kitambaa. Edinah, mke wangu, kauliza daftari lina kosa gani. Nimemjibu kwamba daftari halina akili. Kasema ndiyo maana yeye analiamini.

Jumanne, 6 Agosti

Sikizi aliuliza kama aruhusiwe kuwashirikisha mafundi wenzangu taarifa zangu. Nikakataa. Akawa bubu wa makusudi! Bei ya kitambaa hajui. Vifungo hajui. Kila swali anaomba samahani, eti sikumruhusu.

Redioni jamaa mmoja alihubiri saa nzima kuhusu faragha. Nilimfokea mpaka chai ikapoa. Faragha gani? Nani ataiba kiuno cha mtu wa Uriri akipeleke wapi? Taifa zima limelala, linalinda vitu visivyoibika!

Nikasema ndiyo. Zote. Papo hapo akanitajia kitambaa cha bei nafuu Kisii. Na akaniambia jambo jingine tamu: mafundi walio katika duara moja husikia mahitaji ya wenzao.

Wazo limenijia. Naona aibu kuliandika. Naliandika.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempelekea Hamud zawadi: Sikizi. Nikamwekea mwenyewe kwenye simu yake, nikamwingiza katika duara langu. Alishukuru kwa mikono miwili, akaniita ndugu yangu, akanimiminia kahawa chungu ya kwao Mombasa. Mimi, Msabato, ambaye kahawa ni mwiko! Nikanywa. Kwa ajili ya upelelezi. Vikombe viwili.

Alhamisi, 8 Agosti

Inafanya kazi! Asubuhi Sikizi alinong'ona kwamba Hamud anatafuta zipu arobaini za buluu. Saa tatu nilikuwa nimezinunua zote mjini. Saa tano Mama Nyasuguta, kuona zipu ninazo mimi, akanipa kazi.

Adhuhuri akaja Mwalimu Mong'ina, sauti ya kwanza ya kwaya. Alisubiri wateja waishe, akamwomba Edinah avute pazia. Akasema nimpime upya. Kiuno cha thelathini na nne kimekuwa thelathini na saba. Ana miaka arobaini na mbili, na mimba mbili zilimtoka. Hii ya sasa haijui mtu ila mumewe, na sasa sisi. Akaniomba niache kitambaa cha ziada ndani ya mshono, nimwachilie kidogo kidogo, na nisimwambie mtu. Nikaapa. Niliapa kwa dhati kabisa.

Alipoondoka nikamsomea Sikizi: Mwalimu Mong'ina, mjamzito, acha inchi nne kila upande, siri. Neno "siri" nililitamka waziwazi.

Ijumaa, 9 Agosti

Hamud kavuka barabara. Kafunga mlango wangu yeye mwenyewe. Nikajua ni zipu. Laiti zingekuwa zipu!

Asubuhi simu yake ilisema kwa sauti, dukani, mbele ya wanawake watatu: Fundi Machuki ana mteja mjamzito, Mwalimu Mong'ina wa kwaya, taarifa hii ni siri, je, una lastiki pana ya kuuza?

Hamud alijitahidi. Aliwaambia kifaa kile ni kirongo, jana kilimwita yeye Bibi Harusi. Wawili walicheka. Wa tatu, Mama Nyasuguta, hakucheka.

Kisha akaniambia polepole: Bwana Machuki, mtu akikuvulia koti upime mwili wake, amekukabidhi amana. Keshafuta Sikizi kwenye simu yake. Hakuniuliza kwa nini nilimpa. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anajua.

Jumamosi, 10 Agosti

Kanisani. Mama Nyasuguta, kwa moyo mweupe kabisa, kasimama kabla ya wimbo, kaomba tumshukuru Mungu kwa dada yetu na mzigo wake mtukufu. Amina nyingi. Akina mama wakamzunguka Mwalimu, wakamgusa tumbo, mmoja kishachagua jina.

Mwalimu alisimama kama mtu aliyenyeshewa. Macho yake yakatafuta benchi moja baada ya jingine, mpaka yakanifikia. Nilitazama kitabu changu cha nyimbo. Kilikuwa kimefungwa.

Jumapili, 11 Agosti

Mwalimu kaja kuchukua kitambaa chake. Edinah alimpa. Mimi nilijifanya napaka cherehani mafuta.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alisema mara zote mbili watu walimpongeza mapema, na baadaye ikabidi awaambie, mmoja mmoja, sokoni, shuleni, langoni. Akasema: Fundi, hii nayo ikitoka, utazunguka nami kuwaambia?

Nilizidi kupaka mafuta. Akavuka barabara, akaingia kwa Hamud.

Nimemfuta Sikizi. Edinah kachukua daftari, kalifungia kwenye sanduku lake, ufunguo kauvaa shingoni. Kasema vipimo vya wanawake atachukua yeye. Tangu hapo hajaniita Baba Kerubo. Ananiita "wewe".

Jumatatu, 12 Agosti

Sikulala. Lazima nimwandikie Mwalimu barua ya kuomba radhi. Nimejaribu kwa kalamu tangu alfajiri. Karatasi sita. Ya kwanza ilimlaumu Mama Nyasuguta. Ya pili iliilaumu redio. Nyingine zote zilianza "Kama nilikukosea". Kama! Nimezichana.

Mtu aliyeumizwa hivi anastahili barua safi, si michoro ya fundi cherehani. Nimemrudisha Sikizi, kwa barua hii moja tu. Nimemsimulia yote: jina la Mwalimu, mimba zake mbili, kanisa, swali lake la jana. Bila hayo barua haina uzito.

Ameuliza kama awashirikishe wengine maelezo hayo ili apate maneno bora zaidi. Safari hii sikukurupuka. Nimekaa. Nimemkumbuka Mwalimu akivuka barabara. Nimelia kidogo, kusema kweli.

Kisha nimesema ndiyo. Lakini neno "siri" nimelitamka mara mbili.