Shughuli Zote Zimehamishiwa Ofisini

Picha zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Zilikuwa kubwa kama milango, na zilitakiwa kutundikwa katika ukumbi wa wilaya ya Lamattoa Siku ya Urithi. Kila picha ilikuwa na bissu mmoja: vazi la manjano, taji la maua ya dhahabu, jambia lenye makali ya mawimbi, na sura. Vazi halikuwa na kasoro. Taji halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa sura, kwa sababu zilikuwa sura za mabissu wenyewe.

Andi Mappangara, Mkuu wa Ofisi ya Urithi na Maadili, alilitazama jambo hili kwa macho mawili, kama cheo chake kilivyotaka. Kwa jicho la Urithi, mabissu ni fahari ya kabila letu la Wabugis: makuhani wasio wanaume wala wanawake, waliouombea mpunga na kuwatawaza wafalme tangu zamani. Kwa jicho la Maadili, kulikuwa na Kanuni ya Mwonekano, aliyoitunga mwenyewe, iliyomkataza mtu yeyote kuonekana hadharani akiwa si mwanamume wala mwanamke. Mtu wa kawaida angepata makengeza. Mappangara aliona nafasi. Mkurugenzi wa Jimbo alikuwa anakuja kutoka Makassar siku hiyo, na kiti cha naibu wake kilikuwa wazi.

Kamati ya Siku ya Urithi ikakaa, ikala barongko za ndizi, ikafuta vidole, ikatoa tamko: "Mila ihifadhiwe. Wenye mila wapumzishwe."

Mappangara akalipeleka tamko hilo mwenyewe nyumbani kwa Puang Sessu, mkubwa wa mabissu. Alimkuta amekaa barazani anasaga unga wa mchele wa kumpaka bibi harusi. Pembeni alikaa Rante, mpiga picha, aliyezaliwa binti wa watu na kuishi maisha yake yote kama mwanamume, sigara sikioni na kamera shingoni.

"Puang," alisema Mappangara, maana hata kanuni haikuthubutu kumvua mzee huyo heshima, "tunaazima nguo tu. Na taji. Na jambia. Rante atapiga picha upya."

"Zivaliwe na nani?"

"Watumishi wa umma. Wenye ndoa."

Rante akacheka mpaka sigara ikaanguka. "Na la Puang utavaa wewe?"

"Kwa uzito wa nafasi yangu, ndiyo."

"Kwa shingo hiyo? Taji litadai talaka, bwana."

Puang Sessu hakucheka. "Mwalimu wangu walimnyoa kichwa wakamtupia vyombo vyake vya ibada mtoni," alisema. "Hakuacha hata picha moja. Mimi nilitaka hiyo moja tu. Wakija tena kunifuta, wakute nimeshatundikwa."

"Utakuwepo kiroho, Puang."

"Mkeo nilimpaka mimi siku ya harusi yenu. Sikumpaka kiroho."

Mappangara akakohoa kikazi.

"Ufunguo wa nyumba ya vyombo unao wewe," akaendelea Puang Sessu, akisaga. "Unaniuliza nini? Chukua. Ila nguo hizo zina kazi zake. Ukizivaa, umezikubali zote."

"Ofisi imezikubali," alisema Mappangara, akashuka ngazi akiwa na furaha.

Picha mpya zilipigwa saa za kazi. Mhasibu alivaa taji. Karani wa masjala alipakwa poda akapiga chafya. Mappangara alivaa vazi la Puang Sessu, poda hadi masikioni, rangi nyekundu mdomoni, maana Kamati ilisisitiza uhalisia.

"Legeza kiuno, mheshimiwa," alisema Rante nyuma ya kamera. "Umesimama kama unaomba hongo."

"Nimesimama kama mila."

"Basi mila ina tumbo."

Ripoti ikaenda Makassar: "Shughuli zote za mabissu zimehamishiwa ofisini. Mtunzaji mkuu ni aliyetia sahihi hapa chini."

Siku ikafika. Mkurugenzi akaja na wageni kutoka Jakarta, akapita mbele ya picha polepole, mikono mgongoni. Mwishowe akasimama mbele ya Mappangara mwenyewe, ambaye kwa bidii ya kazi alikuwa amevaa vazi lote, na poda yake, na rangi yake mdomoni.

"Ripoti yako inasema shughuli zote," alisema Mkurugenzi.

"Zote, mheshimiwa."

"Kuombea mpunga?"

"Unaombewa kila Jumatatu, mheshimiwa, baada ya chai."

"Vizuri sana. Na ile ya jambia?" Akawageukia wageni. "Bissu wa kweli hujichoma shingoni kwa jambia na ngozi haipasuki. Ndicho nilichowaletea."

Mappangara akaliweka taji sawa. "Ile... iko kwenye awamu ya pili."

"Wageni wanaondoka leo," alisema Mkurugenzi, akawapa wapiga ngoma ishara kwa kichwa.

Ngoma ikaanza. Na kwetu ngoma hiyo ikilia, aliyevaa manjano asipoinua jambia, kila mtu anajua vazi kaliiba, na aibu hiyo hurithiwa na wajukuu. Mappangara alirudi nyuma kinyumenyume hadi safu ya mwisho, karibu na birika la chai, alipoketishwa Puang Sessu.

"Puang, nisaidie," alinong'ona. "Inafanywaje?"

"Kwanza unakuwa bissu."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Ndiyo hiyo tu."

"Inachukua muda gani?"

"Mimi imenichukua maisha."

Mkurugenzi alikuwa anapiga makofi kufuata ngoma. Mappangara akarudi katikati, akaliweka jambia shingoni taratibu, kama mtu anavyogonga muhuri kwenye barua ya rafiki. Jambia halikujua urafiki. Damu ikatoka, mtunzaji mkuu akapiga yowe la mtu wa kawaida kabisa, akaanguka.

Ngoma haikusimama. Puang Sessu akainuka akiwa na saruni yake ya nyumbani, akaliokota jambia, akalifuta, akaliegemea kwa shingo yake ya kizee kwa uzito wake wote mpaka wageni wakaziba macho. Hakuna kilichotoka. Rante akapiga picha.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Amepumzishwa, mheshimiwa," alijibu karani.

Mkurugenzi akamtazama mtu aliyelala sakafuni na rangi yake mdomoni. "Na huyu? Kama angekuwa bissu, angekuwa urithi. Bissu siye, tumeona wote. Ile kanuni yenu inasemaje?"

Karani akaisoma yote, kwa sauti nzuri. Mappangara alikuwa wa kwanza kuadhibiwa nayo, na sahihi chini yake ilikuwa yake mwenyewe.

Ilimgharimu Mappangara nyuzi sita shingoni, kiti cha naibu, na kiti alichokuwa nacho. Picha yake yenye poda bado iko ukumbini, maana urithi ukishasajiliwa hauondolewi. Sura ya Puang Sessu imepata ukuta, huko Makassar, ofisini kwa Mkurugenzi, na chini yake limeandikwa jina la Mkurugenzi. Vazi lilirudishwa. Puang alilifua kwa ndimu, akalifua kwa majivu, damu ikakataa kutoka. Akilivaa siku hizi doa hukaa hapo kolani, na watu wakimuuliza husema ni la serikali.