Kisu Kilichoko Kazini

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekiona tena. Kimesimama palepale, katikati ya uga wa kupuria wa Bibi Anezina, kimezama katika ufa wa mawe, mpini mweusi juu kama kunguru anayewaza. Mvua zote zile. Theluji zote zile. Hakuna kutu! Nimepiga magoti, nikakigonga mgongoni kwa ukucha. Kikalia. Chuma dhaifu hakilii vile.

Nieleze, ingawa shajara hii haisomi mtu. Kisu cha kweli hakikunjiki. Ni chuma kimoja, toka ncha hadi kitako cha mpini. Kisu cha kujikunja ni kama shahidi anayebadili maneno: siku unayomhitaji ndiyo siku anayokuuma vidole. Ukutani kwangu vimo visu vya mji wa Hania, vya Wafini, na kimoja cha Wajapani kinachopasua unywele kwa urefu. Katikati nimeacha msumari mtupu. Argiro, mke wangu, anauita msumari ule mke mwenza.

Nieleze na hili. Sikukuu ya Mama wa Mungu inakuja, tarehe kumi na tano. Baada ya ibada wanaume huweka visu vyao mezani, wazee huvijaribu, na kilicho bora ndicho kinachokata mkate uliobarikiwa. Miaka nenda rudi ni kisu cha Miron. Miron mchunga kondoo! Ni kumbaro wangu, maana ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo siwezi kumchukia waziwazi.

Kisu cha ugani alikifua marehemu Sifakas, mume wa Bibi Anezina. Wanasema alikifua Juma Kuu, akikigonga wakati Injili inaposomwa kanisani tu. Injili ikikoma, nyundo chini, chuma kinarudi majivuni. Watu wanaona muujiza. Mimi naona fizikia. Chuma kinachopoa taratibu majivuni hupata ukakamavu.

Na chuma kama hicho kimechomekwa ardhini kama kigingi cha mbuzi! Ni aibu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekwenda kukiomba. Bibi Anezina alikuwa anachambua dengu. Akanipa cheri za sukari na maji baridi. Nikampa pendekezo: kisu changu cha Kiswidi, na ala yake ya ngozi, badala ya kile. Akacheka mpaka dengu zikamwagika.

Akasema kisu kile kiko kazini. Kisu kilichoko kazini hakiombwi, mwalimu, kama vile hufungui punda aliyeko kwenye kinu.

Nikauliza ni kazi gani. Akatazama jua, akafunga dirisha. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Akasema kwamba kiangazi kimoja, yeye bado bibi harusi, walipura ngano na upuraji ukakataa kwisha. Ngano imekwisha, ng'ombe wamefunguliwa, watu wamekwenda kulala, lakini ugani bado kunapurwa. Kila adhuhuri. Kisha majirani wakaanza kwenda kusaidia. Mumewe alipochomeka kisu ndipo pakatulia.

Nikamweleza, kwa upole, kwamba upuraji hukoma masuke yanapokwisha. Akasema, "Ndivyo tulivyodhani na sisi, mwanangu."

Cheri zilikuwa nzuri sana.

Jumanne, 6 Agosti

Leo padri amebariki zabibu. Miron kanikuta mlangoni mwa kanisa, kaniuliza mbele ya watu kama mwaka huu nitaleta tena kile kisu changu cha kunyolea sungura. Wakacheka. Padri Matheos naye akacheka, na msalaba mkononi!

Nimefikia uamuzi. Si wizi. Ni kubadilisha zamu. Kisu kimoja kitapumzika, kingine kitachukua nafasi yake. Nina kisu cha jikoni cha umbo lilelile. Mpini nimeupaka rangi ya viatu na masizi. Argiro kauliza kwa nini nanuka kama askari anayekwenda gwaride. Nimemwambia ni sayansi.

Alhamisi, 8 Agosti

Ninacho!

Nilikwenda adhuhuri. Adhuhuri ya Agosti hapa hakuna anayetoka nje. Mama zetu walituambia mchana una wenyewe. Mimi nimewafundisha watoto wa kijiji hiki maisha yangu yote kwamba adhuhuri ni jua kuwa utosini, basi. Kwa hiyo nilikwenda bila hofu. Kidogo tu.

Nilitarajia kupambana nacho. Kilitoka kama kijiti katika mafuta. Wakati uleule nyenje wakanyamaza. Wote. Mti huu na mti ule, bonde zima, kama mtu kafunga mlango. Chuma kilikuwa baridi, na mawe yalikuwa yananichoma magotini.

Nikachomeka kile cha jikoni, nikakipiga kwa jiwe mpaka kikaingia. Nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia kwato. Hatua moja ya mnyama mzito juu ya mawe. Nikageuka. Uga mtupu. Ila palikuwa na suke la ngano juu ya jiwe, bichi kabisa, na hapa hakuna aliyepanda ngano tangu nivae kaptura.

Ndege, bila shaka. Ndege hubeba vitu.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya majaribio. Kamba nene: imekatika kwa uzito wa kisu peke yake. Mwaloni mkavu: nimeuchonga asubuhi nzima, kisha nikanyoa nywele za mkono, makali hayajapungua hata chembe! Karatasi niliishika mbele yake. Ningeapa ilifunguka kabla haijafikiwa. Ni macho yangu, nahitaji miwani mipya.

Jambo dogo. Kimetundikwa kwenye msumari, dirisha liko kushoto, na kivuli chake kinaangukia kushoto. Kuelekea mwanga. Nimelifikiria sana. Ukuta mweupe wa jirani unarudisha nuru. Lazima iwe hivyo.

Makapi kwenye kahawa yangu. Argiro asema nimeleta uchafu kwa viatu. Nimevua viatu. Kikombe cha pili pia.

Jumapili, 11 Agosti

Makapi uani. Makapi kitandani. Makapi ndani ya chupa ya mkate mkavu wa shayiri, na kifuniko kilikuwa kimekazwa! Argiro anafagia na kutaja jina langu kila fagio linapogusa sakafu.

Adhuhuri, wakati wa kulala, nilimsikia akiimba dirishani. Wimbo wa kuwahimiza ng'ombe. Zunguka, mwekundu wangu, zunguka. Argiro ni binti wa karani wa mjini Rethimno. Ng'ombe anamjua kwenye sahani. Nilipomuuliza akasema amelala vizuri sana, kwa nini nimemkodolea macho kama samaki wa sokoni? Nyayo zake zilikuwa na vumbi jeupe.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nimemkamata langoni. Macho wazi, miguu mitupu. Nilipomwita akageuka na kunijibu kwa adabu asiyo nayo, adabu ya mtu mwingine. Akasema, "Niwie radhi, bwana, zamu yangu imefika."

Nikamshika mkono wa gauni. Akaamka, akanitukana. Nilifurahi kutukanwa.

Kisha akaingia chumbani, akatazama msumari, akaketi. Amejua. Akaniambia taratibu, bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba kila akifumba macho anazunguka. Wako wengi. Kila siku wanamsogezea nafasi. Akasema, "Kanaki, kirudishe leo. Siku nitakayoingia katikati yao, hutaniita nikasikia."

Nimeahidi kukirudisha. Sikukuu ikishapita.

Kwa sasa nimefunga lango kwa kufuli, na ufunguo umo soksini mwangu. Kila tatizo lina utatuzi.

Jumatano, 14 Agosti

Kufuli zima, limefungwa, lango wazi. Sielewi mekanika yake.

Miron ndiye aliyemrudisha Argiro, kamshika kiwiko kama anavyoshika kondoo mgonjwa. Hakucheka. Akaniambia, "Kumbaro, mkeo alikuwa njiani bila viatu, na makapi yalikuwa yanamtangulia kama mbwa. Upepo haukuwepo." Nikamwambia joto hufanya mambo. Akatazama ukuta. Nilikuwa nimekifunika kwa kalenda. Nikampa pombe ya raki, akanywa akiwa amesimama, akaniambia kama kuna jambo nimwambie, yeye ni baba wa ubatizo wa mtoto wangu, si mtu wa njiani.

Nilikaribia kumwambia. Kisha nikaona kisu chake kiunoni.

Nimemwapia Argiro mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu: kesho, mara tu mkate ukishakatwa. Akasema mkate hukatwa adhuhuri. Nikamwambia ndiyo sababu nitakwenda naye kanisani. Atakaa kwenye benchi la wanawake, shangazi zake kulia na kushoto, uvumba juu, kengele nje. Nani atamchukua hapo? Argiro akaenda kuchagua gauni.

Alhamisi, 15 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Ibada ikaisha. Meza ikatandikwa uani mwa kanisa. Nikakiweka kisu kati ya vingine, na mazungumzo yakafa. Wazee wakakijaribu mmoja mmoja. Kikakata manyoya yanayoelea. Kikakata tawi la mzeituni bila kutoa sauti. Miron mwenyewe akakichukua, akakigeuza, akakirudisha mezani, maana sisi hatupeani kisu mkono kwa mkono, huleta ugomvi. Akasema, "Hiki kimeshinda. Sina neno." Miron! Mbele ya wote!

Ndipo Bibi Anezina akafika na mkongojo wake. Akakitazama kisu. Mimi hakunitazama. Akauliza, "Mwalimu, mkeo yuko wapi?"

Benchi la wanawake. Shangazi kulia, shangazi kushoto, wote wamesinzia wima kama mishumaa. Katikati hapana mtu. Chini, viatu vya Argiro, vimepangwa sambamba.

Nyenje kimya.

Niandike ukweli: niliutazama mkate. Padri alikuwa amebakiza maneno machache tu ya sala. Maneno machache sana. Kisha Bibi Anezina akanipiga mguuni kwa mkongojo, nikakinyakua kisu, nikakimbia.

Uga ulikuwa mweupe kwa jua. Makapi yalikuwa yanapanda hewani na kushuka, yakipanda na kushuka, kama yanavyorushwa kwa uma za mti, wala hapakuwa na uma. Argiro alikuwa anazunguka. Nyayo zinavuja damu. Alikuwa anatabasamu na kuwapisha watu nisiowaona, na mawe yalikuwa yanatetemeka kwa kwato. Nikamwita. Hakusikia. Nikaita kwa jina ambalo namwita tukiwa wawili tu. Akanipita karibu, nikahisi wengine wakipita nyuma yake. Harufu ya jasho la ng'ombe, na nguo za zamani.

Nikaruka kwenye ufa. Kile kisu changu cha jikoni kilikuwa kimevunjika, mpini umelala pembeni, chuma kimeziba ufa. Cha Sifakas kikagoma kuingia. Nikasukuma, nikalia. Kisha mtu akanisukuma kando. Miron. Akachomoa kisu chake, kile cha baba yake, akakiingiza ufani, akabinua kwa nguvu zote. Chuma kikalia kama risasi. Kipande changu kikaruka nje. Ncha ya kisu chake ikaruka nacho.

Nikachomeka kisu cha Sifakas kwa mikono miwili.

Nyenje wote wakaanza kupiga kelele. Makapi yakaanguka chini kama mchanga. Argiro akaanguka juu ya Miron, akaketi, akatazama nyayo zake, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Nywele zilikuwa zimejaa masuke. Nikamkumbatia. Akanizaba kofi, kisha akaning'ang'ania.

Mkate padri aliumega kwa mikono. Haijawahi kutokea.

Kuhusu kisu cha Miron: ncha imevunjika kavu, bila kupinda. Chuma kimechovywa majini kikiwa cha moto kupita kiasi. Nilikuwa nikishuku hilo siku zote. Mwakani hawezi kukileta.

Jumatano, 21 Agosti

Argiro yuko kwa dada yake, ng'ambo ya korongo, anapumzisha miguu. Nyumba kimya. Hakuna makapi. Nimejipikia dengu, zimeungua. Nilidhani hatarudi. Leo amepiga simu: anawakumbuka kuku, atarudi kwa basi Jumatatu asubuhi, na je, nimekula? Nikasingizia kikohozi.

Kwa furaha nikatembea hadi daraja la mawe ambalo basi lake litapita, ili nijue njia iko sawa. Nikainama ukingoni. Chini ya upinde, katika kiungo cha jiwe la kati kabisa, kuna mpini. Mweusi. Pembe ya kondoo dume. Alama ya mhunzi ni ileile ya Sifakas!

Kuna mama alikuwa anafua mazulia mtoni. Nikamuuliza. Akasema daraja lile lilikuwa linaanguka kila walipolijenga upya, mpaka Sifakas alipoitwa. Nikamweleza, kwa upole, kanuni ya upinde: kila jiwe linalibana jenzake, uzito wenyewe ndio unaoshikilia, kisu hakiongezi kitu. Akachukua mazulia yake, akaenda kufulia mbali zaidi.

Mvua hazijaanza. Ngazi ninayo. Jumapili kijiji kizima kitakuwa kanisani.

Argiro akifika Jumatatu, nitakuwa nimeshakinoa.