Mistari Miwili Dirishani

Kwako Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya,

Naomba radhi, nimechelewa wiki tatu kuandika. Kila nikishika kalamu, mtoto naye anaitaka.

Mlipotuuliza kwenye dodoso kama tungependa kujipima virusi vya mafua nyumbani, nilitia alama ya ndiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa naomba alama yangu irudishwe, kwa sababu hizi:

1. Mliahidi faragha. Kwetu tu watu saba, choo kimoja. Nikiwa humo na kijiti puani, wifi alibisha mara tatu kuuliza kama naumwa au nimevikimbia vyombo.

2. Niliacha kipimo dirishani nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Kurudi, mama mkwe ameshakisoma. Mistari miwili yeye anaijua maana yake: mjukuu. Ukoo mzima ukapewa habari, na mume wangu akaanza kutembea kifua mbele kama aliyejenga ghorofa. Mafua yangu hakuna aliyeyauliza.

3. Maelekezo yanasema mgonjwa ajitenge. Ajitenge na nani? Kitinda wangu ana miezi saba, ananyonya, na ndiye niliyeogopa kumwambukiza. Nilivaa barakoa. Akaivua, akaitafuna.

4. Mume wangu alijipima mara tatu akiutafuta mstari wa pili ili apate ruhusa ya kulala. Mstari ukagoma. Vipimo vikaisha.

5. Hili ndilo linaloniuma. Zamani nilikaa kwenye benchi lenu toka asubuhi hadi adhuhuri, nesi akanipakatia mtoto, nikasinzia. Sikuwa na mapumziko mengine. Kituo mmeniletea nyumbani, benchi mmebaki nalo.

Kwa hiyo naomba kwa heshima vipimo virudi kwenu, foleni irudi, na ikiwezekana irefushwe.

Nisalimie nesi, mlinzi wa getini, na hilo benchi.

Ni mimi, nikiwa macho kwa shida,
Mama Kitindamimba

N.B. Leo asubuhi Kitinda kaamka anachemka. Roho ikaniruka. Nilikuwa na kipimo kimoja, nilichokificha kwenye kopo la sukari baba yake asikione. Nikampima: mstari mmoja tu. Nikamkagua fizi, kumbe jino. Dakika kumi na tano, hata viatu sijavaa. Kwenye benchi ningekuwa bado nalia. Basi nitumieni vipimo sita vya mafua. Karatasi moja ya kubandika dirishani, yenye herufi kubwa, HII SI MIMBA. Na, kwenye bahasha iliyofungwa vizuri, kipimo kimoja cha mimba. Mama mkwe hajawahi kukosea.