Naomba Nifelishwe Ufugaji

Kwa Mkubwa wa Mitihani ya Vyuo vya Jioni,
Ofisi ya Mitihani, mlango wa pili baada ya ngazi (wa kwanza nimeambiwa ni stoo ya mafagio).

Ndugu Mkubwa,

Kuhusu: KUFAULU MTIHANI WA SOMO NISILOLISOMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umeshakunywa chai, maana jambo lenyewe halifai kusomwa na mtu mwenye njaa. Mume wangu naye anakusalimu, ila ameomba asitajwe.

Mimi ni mfumaji wa sweta. Kwa miaka miwili nimesoma Ufumaji katika chuo chenu cha jioni, kwenye chumba kile ambacho dirisha lake halifungi na ubao wake una ufa katikati. Nimesoma kufuma kwa mkono na kwa mashine, shingo ya mviringo na shingo ya pembe, na namna ya kuokoa kitanzi kilichodondoka bila kulifumua sweta zima. Somo la Ufugaji lilifundishwa chumba cha jirani. Nililijua kwa harufu tu, siku ile walipoleta beberu.

Sasa ofisi yako imenipa cheti chenye mhuri kinachosema nimefaulu Ufugaji kwa daraja la kwanza. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyesoma huo Ufugaji miaka miwili hiyo hiyo, na ambaye ana ng'ombe, mbuzi na kuku wa kweli wanaokula na kupiga kelele, mmemfelisha. Tangu matokeo yabandikwe ukutani hasemi nami. Ndugu Mkubwa, sitaki cheti. Namtaka wifi yangu. Malalamiko yangu nimeyapanga kama ifuatavyo, kwa unyenyekevu mkubwa na hasira kiasi.

1. Kuhusu sikio la karani.

Siku ya kujiandikisha kwa mtihani mvua ilikuwa inapiga bati kama inalidai. Karani wenu alikuwa nyuma ya kile kidirisha, shavu limevimba kwa jino, na amefunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kikapita juu ya masikio yote mawili. Akaniuliza nasomea nini. Nikasema Ufumaji. Akasema, "Ufugaji?" Mimi nikasikia Ufumaji, nikaitikia, "Ndiyo, kaka." Kati ya masomo hayo mawili kuna herufi moja tu, na herufi hiyo ilipotelea kwenye kile kitambaa. Simlaumu sana karani. Jino halina adabu. Lakini nauliza kwa heshima, hivi ofisi nzima haikuwa na mtu mwingine mwenye masikio wazi?

2. Kuhusu msimamizi wa mtihani.

Nilipoigeuza karatasi na kukutana na picha ya ng'ombe amekatwa vipande vyenye namba, nilinyoosha mkono. Msimamizi alikuja akinyata, akatazama namba ya dawati, akatazama namba yangu. Nikamweleza kwamba mimi ni wa nyuzi. Akaninong'oneza, "Mama, namba yako hiyo, karatasi yako hiyo. Kaa chini uandike, unawasumbua wenzako." Nikamwonyesha sindano zangu za kufumia nilizokuja nazo. Akazichukua, akisema vitu vyenye ncha haviruhusiwi kwenye chumba cha mtihani. Mpaka leo hajazirudisha, na zilikuwa jozi nzuri.

Nikapiga moyo konde nikaandika.

3. Kuhusu majibu yangu.

Hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu nayatoa kama ushahidi kwamba nilistahili kufeli, tena kufeli vibaya.

Kwenye sehemu ya kuchagua jibu sahihi, nilichagua kila mara jibu refu kuliko yote, nikiamini kwamba mtu hachoshi mkono wake kwa uongo. Kwenye sehemu ya Kweli au Si Kweli niliandika Kweli mwanzo mpaka mwisho. Ile ni karatasi ya serikali, na mimi ni nani niiite serikali mwongo?

Swali lililosema "Taja aina tatu za ufugaji" nilijibu: (i) kufuga wanyama, (ii) kufuga ndevu, kama afanyavyo shemeji yangu, (iii) kufuga maradhi, jambo ambalo si zuri, mtu akiumwa aende hospitali. Waliposema nieleze hasara za aina mojawapo, nilieleza ndevu. Hunasa uzi.

Swali la dalili za ng'ombe aliye kwenye joto nililijibu kwa kujiamini. Niliandika kwamba hutoka jasho, hutafuta kivuli na kutoa ulimi, na kwamba tiba yake ni maji ya kunywa na kutomvalisha kitu kizito.

Likafuata swali: "Eleza wakati unaofaa wa kumpandisha ng'ombe." Niliandika kwamba ng'ombe apandishwe asubuhi na mapema kabla dereva hajachoka, lori liegeshwe penye mwinuko, uwekwe ubao imara, na wanaume wawili wasukume kwa nyuma huku mmoja akivuta kamba kwa maneno ya upole. Baadaye muuza maziwa wetu alinieleza, akiangalia pembeni kwa aibu, kwamba kwenye swali lile hapakuwa na lori lolote. Palikuwa na dume.

Ndugu Mkubwa, sijui hapo mlinipa alama ngapi. Ila kwa daraja nililopata, lazima mlinipa.

Nimejaribu kuelewa mmewezaje. Nadhani ni mistari. Mwalimu wetu wa Ufumaji alitufundisha kuandika maelezo ya sweta kwa namba ndogo ndogo, kila hatua na mstari wake uliopigwa kwa rula. Basi majibu yangu yote niliyapiga mistari, myekundu juu, ya buluu chini. Inaelekea msahihishaji alipoona usafi ule alisema moyoni, huyu mama anajua, akapita.

4. Kuhusu wifi.

Wifi alikaa dawati la mbele yangu. Nilimwona mgongo wake ukitikisika kwa kuandika, nikajua leo wamempatia. Swali la kwanza lilisema "Eleza kwa ufupi utunzaji wa ng'ombe wa maziwa." Tatizo ni kwamba wifi hana ufupi. Hajawahi kuwa nao. Ukimuuliza habari za asubuhi anaanzia jana. Alianza kueleza habari za ng'ombe wake mwenyewe, alivyomnunua, alivyokataa kula, alivyompiga teke bwana mifugo, mama yake ng'ombe huyo alikuwa na tabia gani, akaomba karatasi za ziada, akaomba nyingine, kengele ikalia bado yuko kwenye swali la kwanza na ng'ombe hajakamuliwa.

Mkamfelisha. Mimi niliyemwelekeza ng'ombe kwenye lori mkanipongeza.

Sisi tulikuwa chanda na pete. Nyumba zetu zimetenganishwa na uzio wa mabati, na kila asubuhi alikuwa anagonga bati kwa kijiko, "Wifi! Umeamka au umekufa?" Nami najibu, "Nimekufa, lete maziwa." Siku hizi bati liko kimya. Maziwa yanakuja kwa mkono wa mume wangu, bila salamu. Nikimwamkia wifi, anaitikia ukuta. Kuku mgonjwa, niliandika katika mtihani wenu, hujitenga, hunyamaza, na ukimwita haji. Hilo ndilo jibu langu pekee ninaloamini lilikuwa sahihi, maana sasa ninamwona wifi yangu yuko hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemtia ugonjwa bila kukusudia. Inaniuma. Nimeshindwa kumfumia hata mtoto wake soksi bila kukosea hesabu ya vitanzi.

Mume wangu amebaki katikati. Akila kwangu, dada yake anasema amehongwa. Akila kwa dada yake, mimi nanuna. Amekonda, na suruali yake nimeibana mara mbili.

5. Kuhusu mbuzi.

Habari za cheti zilienea. Fundi viatu wa pale kona, ambaye kwa miaka yote ameniita Mama Sweta, alikuja amembeba mbuzi wake aliyekuwa anatetemeka, akaniita Daktari. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Daktari, usinizungushe, cheti chako nimekiona kwa macho yangu." Nikafanya nilichokijua. Nikamchukua mbuzi vipimo, kifua, shingo, urefu wa mgongo, nikamfumia sweta la mabaki ya uzi.

Mbuzi akapona. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Sasa kila anayefuga kitu mtaani ananiletea mimi, na nina sungura kwenye beseni la nguo ninapoandika barua hii. Mwenyekiti wa mtaa ameniteua kwenye Kamati ya Mifugo, kiti ambacho wifi alikuwa anakitamani tangu kamati ianzishwe. Nilipokwenda kukataa, akanisifu kwa unyenyekevu wangu na kunipandisha cheo kuwa katibu.

6. Kuhusu sweta.

Ndugu Mkubwa, nilikuja chuoni kwenu kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisema sasa sweta za wanafunzi zitapokelewa kwa wenye cheti tu. Nimempelekea cheti. Akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akaniuliza kama sufu natoa kwa kondoo wangu mwenyewe. Nikasema sina kondoo. Akashangaa sana, mtu wa daraja la kwanza asiye na kondoo. Sweta zangu nimezikunja nimezirudisha kwenye mfuko.

7. Kuhusu hatari kwa taifa.

Ikiwa anayesoma anafeli na asiyesoma anafaulu, basi kusoma ndiko kunakoharibu. Kwa hiyo, ili kila mtu afaulu, itabidi wapishi wafanye mtihani wa umeme, mafundi umeme wafanye wa ukunga, na wakunga wapewe uashi. Tutakuwa na nchi ya madaraja ya kwanza matupu, na hakuna nyumba itakayowaka taa. Nalisema hili kwa uchungu, si kwa kejeli.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako tukufu ifanye yafuatayo:

Kwanza, nipewe sifuri yangu halali. Nimeifanyia kazi.

Pili, alama zangu zote za Ufugaji ahamishiwe wifi. Sisi ni familia moja, hazitakuwa zimetoka nje ya ukoo, na mume wangu yuko tayari kuzibeba mwenyewe.

Tatu, ikiwa kanuni zinasema alama ikishatolewa hairudi, basi niandikiwe cheti cha pili, chenye mhuri mkubwa kuliko wa kwanza, kinachothibitisha kwamba sijui chochote kuhusu mnyama yeyote. Nitakitundika mlangoni. Nakala moja naomba apewe fundi viatu, na moja ibandikwe kwenye uzio upande wa wifi, asome akiwa anakamua.

Wakati nikisubiri kufelishwa, nakushukuru mapema. Msalimie karani na umpe pole ya jino. Wasalimie wachapaji, mlinzi wa getini, na msahihishaji wangu, ambaye naamini ana moyo mzuri na macho mabovu. Msimamizi nisalimie pia, ukimkumbusha sindano.

Wako katika masikitiko,

Mfumaji kwa kusoma,
Mfugaji kwa cheti.

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, sijailamba, mwalimu mkuu alipokuja mbio, kiatu mguu mmoja, akisema kwamba ng'ombe wake anazaa na ndama amekwama, na kwamba ananitaka mimi mwenye daraja la kwanza. Nikaruka nje, nikagonga bati la uzio kwa mikono yote miwili, nikapiga kelele, "Wifi, nisitiri!" Akatoka. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Si una cheti wewe? Kimtumie kumvuta ndama." Lakini tayari alikuwa anajifunga kanga kiunoni.

Alimzalisha ng'ombe yule mkono mpaka begani, mimi nikishika mkia na kulia. Ndama ni jike, amesimama. Tulipokuwa tunanawa bombani aliniuliza, bila kunitazama, niliandika nini kwenye swali la kumpandisha. Nikamwambia la lori. Nikamwambia na ubao, na wanaume wawili wa kusukuma. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, akashindwa kuinuka, akaniita mjinga, na tangu siku ya matokeo sijasikia neno tamu kama hilo. Asubuhi hii bati limegongwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkubwa, naomba uyapuuze malalamiko yote hapo juu, na cheti changu usikiguse kabisa. Tumekubaliana kwamba watu wataitwa na cheti changu na wataponyewa wanyama wao kwa mkono wake. Kiti cha katibu anakikalia yeye, mimi naandika tu, kwa ufupi.

Limebaki jambo moja dogo. Mwalimu mkuu anapokea sweta zangu kwa sasa, ila anasema mwakani ni lazima kiwepo cheti cha Ufumaji. Tumemwandikisha wifi. Hajawahi kushika sindano maishani isipokuwa ya kutolea miiba, na hawezi kutofautisha kola na mkono. Tunategemea daraja la kwanza.